Kabla ya kumfungia jirani bandari: barua ya wazi kuhusu vikwazo vya kiuchumi

Kwa Mheshimiwa Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, Mheshimiwa Spika na waheshimiwa wabunge wote.

Waheshimiwa,

Naandika kuomba jambo moja. Naomba nchi yetu itunge sheria itakayosema waziwazi ni nani mwenye mamlaka ya kuiwekea nchi nyingine vikwazo vya kiuchumi kwa niaba ya Watanzania, kwa sababu zipi na kwa muda gani, vitu gani visiguswe hata mgogoro ukiwa mkubwa namna gani, na ni sharti lipi likitimizwa vikwazo hivyo viondolewe. Naliomba hili nikiwa mkazi wa Kigoma niliyekuwa karani wa wakala wa kupitisha mizigo bandarini katika miaka ya 1990, wakati Tanzania na majirani wengine walipoifungia Burundi njia za biashara. Sehemu kubwa ya ninayoyaandika kuhusu kipindi kile niliyaona yakipita mezani kwangu, yakiwa hati zilizokataliwa kugongwa muhuri.

Jambo hili si la historia pekee. Aprili 2025 Waziri wa Kilimo alitangaza kuzuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini kuingia nchini. Malawi ilikuwa imezuia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi ya kwetu mwezi mmoja kabla, na Afrika Kusini ilikuwa imezikataa ndizi zetu kwa miaka. Malalamiko ya serikali yalikuwa ya haki kabisa, kwa kuwa mkulima wa Rungwe au Kyela hawezi kuachwa na mzigo unaooza mpakani ilhali mazao ya hao wanaomzuia yanaingia sokoni kwetu bila shida. Zuio letu liliondolewa baada ya siku chache ili kupisha mazungumzo, na wengi tulipumua. Lakini kilichonibaki moyoni ni wepesi wake. Tamko la waziri mmoja lilitosha, na kama mazungumzo yangekwama, hapakuwa na kanuni inayojulikana kwa wananchi ambayo ingesema zuio lile lidumu hadi lini, likaguliwe na nani, wala mfanyabiashara wa Kasumulu, mpakani na Malawi, aliyekwisha kulipia mzigo wake apeleke madai wapi.

Waheshimiwa, nchi yetu si kama nchi nyingine katika jambo hili. Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi hazina bahari, na Kongo ya mashariki, ingawa nchi yao ina kipande cha pwani upande wa Atlantiki, inatazama huku kwetu. Uamuzi wa Dar es Salaam unaweza kumfikia mgonjwa wa Gitega, Burundi, kabla haujamfikia waziri wake. Uwezo wa namna hiyo tumepewa na jiografia, na kwa sababu hiyohiyo tunapaswa kuutungia sheria kali kuliko nchi ambazo vikwazo vyao haviumi.

Tulipoanza kutumia silaha hii tulikuwa na heshima kubwa. Tarehe 26 Juni 1959, kabla hata hatujapata uhuru, Mwalimu Nyerere alisimama London pamoja na Padri Trevor Huddleston, mpinzani wa ubaguzi wa rangi, katika mkutano ulioanzisha harakati za kususia bidhaa za Afrika Kusini. Desemba 1965 tulivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya kulegalega kwake mbele ya walowezi wazungu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) waliojitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 tuliokuwa tukiutarajia kutoka kwao ukakwama. Zambia, ambayo mafuta na shaba yake vilikuwa vikipita Rhodesia, ilihitaji njia mpya, nasi tukaitoa: kwanza malori kwenye barabara mbovu, kisha bomba la mafuta la TAZAMA lililofika Ndola mwaka 1968, kisha reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Ninachotaka mkione katika historia hii ni kwamba gharama ya vikwazo vile tuliibeba sisi wenyewe, na kwamba vyama vya ukombozi vya wale waliokuwa wakikandamizwa ndivyo vilivyoviomba na kuendelea kuviomba hata vilipowauma. Hatukuwahi kuwataka watu wengine walipie msimamo wetu.

Mwaka 1996 hali ilikuwa tofauti. Burundi ilikuwa katika vita tangu kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, miezi michache tu baada ya kuchaguliwa. Tarehe 25 Julai 1996 jeshi lilimwondoa Rais Sylvestre Ntibantunganya na kumrudisha madarakani Meja Pierre Buyoya. Siku 6 baadaye, tarehe 31 Julai, viongozi wa kanda walikutana Arusha, Mwalimu akiwa mpatanishi, wakaamua kuiwekea Burundi vikwazo. Masharti yalikuwa matatu: Bunge lirudishwe, vyama vya siasa viruhusiwe, na mazungumzo yaanze mara moja bila masharti baina ya pande zote, wakiwamo wenye silaha. Ilikuwa mara chache sana kwa nchi za Kiafrika kumchukulia jirani yao hatua ya namna hiyo bila kusubiri amri ya Umoja wa Mataifa, na Baraza la Usalama liliunga mkono juhudi hizo mwezi uliofuata.

Naelewa kwa nini waliharakisha. Mauaji ya Rwanda yalikuwa na umri wa miaka 2 tu. Sisi wa magharibi tulikuwa tumeona maiti zikishuka na mto Kagera, na kambi za Ngara, Kibondo na Kasulu zilikuwa zikifurika. Mwalimu aliiona hatari iliyokuwa mbele na hakutaka kanda ikae kimya tena. Simlaumu kwa hilo, wala simlaumu Rais Mkapa. Ninachohoji ni jinsi vikwazo vile vilivyoundwa, kwa sababu viliundwa bila breki.

Bandari ya Kigoma ilinyamaza katika muda wa siku chache. Mzigo wa Burundi ndio uliokuwa ukitulisha: mabehewa yaliyotoka Dar es Salaam yakiwa na saruji, mbolea, ngano na vyuma, meli za mizigo zilizovuka hadi Bujumbura na kurudi na kahawa. Makuli waliokuwa wakilipwa kwa siku walikaa ukutani nje ya lango hadi jioni, wiki baada ya wiki, kisha wakatawanyika. Chumvi ya Uvinza ikakosa mmoja wa wateja wake wakubwa. Hakuna aliyekuja kutuuliza sisi wa Kigoma, ambao mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa maskini zaidi nchini, tutaishije katika kipindi hicho, na hakukuwa na fidia hata ya maneno.

Kwa upande wa Burundi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nakumbuka shehena ya mbegu za maharage ya shirika moja la misaada iliyofika kwetu mwishoni mwa Agosti, magunia yakiwa yameshonwa vizuri na lebo za wataalamu. Mbegu hazikuwamo katika orodha ya vitu vilivyoruhusiwa. Tuliandika barua, shirika likaandika barua, barua zikapelekwa Dar es Salaam na Arusha kuombewa kibali, na kila aliyeulizwa alijibu kwa upole kwamba mwenye uamuzi ni mwingine. Mkulima wa Burundi hupanda msimu wa kwanza kati ya Septemba na Oktoba, mvua zinapoanza. Kibali kilipopatikana mvua zilikuwa zimekwisha kumpita. Nilikuwa na hati ile mkononi na sikuwa na mtu wa kumpigia simu, kwa kuwa hapakuwa na ofisi iliyopewa jukumu la kujibu swali jepesi kama lile: je, mbegu ya maharage inamsaidia Meja Buyoya?

Misamaha ilikuja vipande vipande, dawa kwanza, mengine baadaye, na Aprili 1997 tu ndipo viongozi walipokutana tena Arusha na kulegeza zuio la chakula, vifaa vya shule na pembejeo za kilimo. Mafuta hayakulegezwa hivyo, ingawa gari la wagonjwa haliendi bila dizeli na jokofu la chanjo la zahanati ya kijijini wakati huo liliendeshwa kwa mafuta ya taa au gesi. Huwezi kuruhusu chanjo ukazuia kinachoizuia isiharibike, kisha ukasema dawa zimeruhusiwa.

Je, waliokuwa madarakani waliumia? Waliumia kwa fahari yao, na kwa kiasi fulani kwa hazina yao, kwa kuwa kahawa na chai ndizo zilizokuwa zikiingizia Burundi sehemu kubwa ya fedha za kigeni. Lakini kahawa haikuacha kuvunwa Kayanza na Ngozi. Ilipita njia za panya kupitia nchi jirani, ikibebwa na walioweza kulipa njia hizo, na mkulima akapewa bei waliyoitaka wao. Huku ziwani nako kulichangamka usiku. Pale Kibirizi madumu ya mafuta yalipakiwa mitumbwini baada ya giza kuingia, na kila aliyekuwa akiishi karibu na mwalo alijua. Bidhaa ikiwa haramu, bei yake hupanda, na faida huenda kwa mwenye mlinzi serikalini. Ndivyo vikwazo vile vilivyowatajirisha baadhi ya watu wa karibu na utawala uleule tuliokusudia kuubana, vikawafilisi wafanyabiashara wadogo waliofuata sheria, na kwetu vikazoesha kizazi cha vijana magendo ambayo mamlaka za forodha zilihangaika nayo kwa miaka.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili la masharti. Septemba 1996 Buyoya alirudisha Bunge na kuruhusu vyama, angalau kwa jina. Likabaki sharti la tatu, la mazungumzo, nalo lilikuwa pana mno kiasi kwamba kila upande ulilisoma ulivyotaka. Serikali ya Burundi ilipoanza kuzungumza kwa siri na waasi wa CNDD mjini Roma, wengine walisema hiyo ni dalili njema, wengine wakasema haitoshi. Mazungumzo rasmi ya pande nyingi yalifunguliwa Arusha Juni 1998, na vikwazo bado vikaendelea hadi viliposimamishwa tarehe 23 Januari 1999. Kwa miaka miwili na nusu Mrundi wa kawaida hakuweza kuambiwa kwa sentensi moja ni tendo gani la serikali yake lingefungua njia. Shinikizo lisilosema linataka nini haliwezi kumsukuma mtu upande wowote.

Wapo watakaonijibu kwamba vikwazo vilizaa Mkataba wa Arusha, ule wa amani ya Burundi. Hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuipuuza. Bila shinikizo la kanda huenda jeshi la Burundi lisingekubali kuketi na watu liliokuwa likipigana nao. Lakini tutazame tarehe. Mkataba ulitiwa saini 28 Agosti 2000, chini ya upatanishi wa Mzee Nelson Mandela aliyeshika nafasi ya Mwalimu baada ya kifo chake, miezi 19 baada ya vikwazo kusimamishwa, na Buyoya alikabidhi madaraka Aprili 2003. Kilicholeta mkataba ni uvumilivu wa mezani, uliofanywa sehemu kubwa na Watanzania, na hiyo ndiyo kazi ambayo tunapaswa kujivunia.

Tangu wakati huo dunia imejifunza kidogo. Mateso ya raia wa Iraki chini ya vikwazo katika miaka ya 1990 ndiyo yaliyowasukuma wengi kutafuta vikwazo vinavyomlenga mtu, akaunti yake na safari zake, badala ya nchi nzima. Desemba 2022 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2664, ambalo limeweka msamaha wa kudumu kwa misaada ya kibinadamu katika vikwazo vya Umoja wa Mataifa vya kuzuia mali. Lakini Julai 2023, baada ya mapinduzi ya Niger, ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya Afrika Magharibi, ilirudi kwenye njia ileile ya zamani: mipaka ilifungwa, malori yakapanga foleni upande wa Benin, Nigeria ikakata umeme kwa nchi inayotegemea sehemu kubwa ya umeme wake kutoka huko. Vikwazo viliondolewa Februari 2024, majenerali wakiwa bado madarakani na Niger, Mali na Burkina Faso zikiwa zimetangaza kujitoa katika jumuiya hiyo. Sitamani kuona Jumuiya ya Afrika Mashariki ikipita huko.

Nasi tuko karibu kuliko tunavyokiri. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa hadi mwisho wa Januari 2022. Burundi iliufunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Hakuna aliyeziita hatua hizo vikwazo vya kiuchumi, lakini ndivyo zilivyo kwa mama anayevuka na beseni la nyanya kichwani. Baada ya Goma na Bukavu, miji ya Kongo ya mashariki, kuingia mikononi mwa waasi wa M23 mapema mwaka 2025, Marekani na Umoja wa Ulaya ziliwawekea vikwazo maofisa kadhaa wa Rwanda, na Ulaya ikagusa pia kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Kigali. Vita vile vikiendelea kuwaka, siku moja itapigwa simu kuitaka Tanzania nayo ifanye kitu. Siku hiyo ikifika, Ibara ya 143 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki haitatusaidia sana, maana inasema tu kwamba nchi isiyotimiza wajibu wake itachukuliwa hatua ambazo Wakuu wa Nchi wataziamua. Ni hatua zipi, kwa muda gani, haisemi.

Wapo pia watakaosema kwamba mambo ya nje ni ya serikali, kwamba dharura haisubiri kikao cha Bunge, na kwamba kuweka masharti hadharani ni kumwonyesha mpinzani karata zako. Hoja ya dharura naikubali, ndiyo maana siombi Bunge liulizwe kabla ya kila hatua. Serikali iruhusiwe kuanza, lakini ndani ya muda mfupi, tuseme siku 30, ilete bungeni waraka unaoeleza lengo, walengwa, masharti ya kuondoa na tathmini ya nani ataumia kwao na kwetu, na Bunge lisiporidhia, hatua ife yenyewe. Ibara ya 63 ya Katiba yetu inalikabidhi Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Haiingii akilini kwamba mkataba wa kufanya biashara na jirani unafika bungeni, na uamuzi wa kuikata biashara hiyohiyo haufiki. Hoja ya siri siikubali kabisa. Ya Burundi yametuonyesha kwamba masharti yasiyojulikana hayamnufaishi mwekaji vikwazo.

Naomba sheria hiyo iweke ukomo, kwamba vikwazo vyovyote vikome baada ya miezi 6 isipokuwa vimehuishwa kwa kura baada ya taarifa kusomwa. Naomba iandike kwa majina vitu ambavyo Tanzania haitavizuia kamwe bandarini kwake: chakula, dawa na vifaa vya tiba, mbegu na mbolea, vitabu na vifaa vya shule, na mafuta yanayohitajika kuvifikisha na kuvihifadhi vitu hivyo, na itaje ofisi moja yenye wajibu wa kutoa kibali kwa siku zisizozidi 7, ikishindwa, mzigo upite. Naomba itenge fungu la kuwafidia wafanyabiashara na vibarua wa mikoa ya mpakani, Kigoma, Kagera, Mbeya, Songwe na Rukwa, kwa kuwa si haki msimamo wa taifa zima ulipiwe na watu wanaoishi mwisho wa reli. Na naomba, pale inapowezekana, ianze na walio na maamuzi: mali zao, akaunti zao, viza zao, silaha zao.

Tunajua pia upande wa pili ukoje. Mwaka 2018 Benki ya Dunia ilipouzuia mkopo wa elimu wa dola milioni 300 kwa sababu ya wasichana waliofukuzwa shule kwa ujauzito, wengi wetu, hata tuliokubaliana na sababu, tuliuliza kwa nini mtoto wa shule ndiye alipie. Lilikuwa swali la haki. Mkuki kwa nguruwe usiwe mtamu kwa sababu tu safari hii tunaurusha sisi.

Ombi la mwisho ni dogo, na linaweza kutimizwa bila sheria mpya. Julai 2026 ni miaka 30 tangu kikao kile cha Arusha. Naiomba Wizara ya Mambo ya Nje ifungue kwa watafiti na kwa umma kumbukumbu za Tanzania za kamati iliyoratibu vikwazo dhidi ya Burundi, zikiwamo barua za maombi ya vibali na majibu yake, ili wabunge watakaoijadili sheria hii wazisome wao wenyewe. Nami, pamoja na wenzangu waliokuwa makarani na makuli wa bandari ya Kigoma ambao bado wako hai, tuko tayari kufika mbele ya kamati yoyote ya Bunge na kueleza tuliyoyaona.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Karani mstaafu, Kigoma Ujiji